Kugadimu boti uani: jinsi ya kuitegemeza ukiipaka rangi nyumbani

Boti ikiwa majini, bahari inaibeba mwili mzima. Ukiipandisha nchi kavu, uzito ule ule unahamia kwenye magogo matatu manne uliyoyaweka chini yake, na sehemu nyingine yote inaning'inia. Wengi wetu Mombasa tunapaka rangi boti zetu nyumbani, kwa kuwa kulipia nafasi ya wiki mbili kwenye chelezo, mahali pa kutengenezea vyombo, si jambo la kila mfuko. Rangi tunaijua. Kinachotuponyoka ni kuisimamisha boti yenyewe, isipinde, isibonyee, na isimwangukie mtu.

Mafundi wa vyombo wa pwani wana neno la kazi hii tangu zamani. Gadi ni mti unaoegemezwa ubavuni mwa chombo ili kisilale, na kuyaweka magadi ni kugadimu. Ami yangu, aliyenifundisha kazi hii ufuoni Mtongwe, hakuwa mtu wa maneno mengi. Aligonga mkuku, yaani uti wa chini wa boti, akasema, "Huu unabeba." Akagonga gadi akasema, "Hili linashika tu." Kila kosa nililoliona tangu siku hiyo, langu na la wenzangu, lilitokana na kuchanganya kazi hizo mbili: gadi kubebeshwa uzito, au mkuku kuachwa hewani.

Maelezo haya ni ya boti ya faiba ya futi 18 hadi 25, yenye tumbo la umbo la V na mkuku unaoonekana. Mashua ya mbao nitaigusa mbele. Hori au mtumbwi mdogo hauhitaji haya yote. Ugeuze kifudifudi juu ya matairi mawili makuukuu uanze kupaka.

Panga siku kwa mwezi

Bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Huku kwetu maji ya bamvua hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na alasiri, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji mafu, yaani maji madogo ya kati ya bamvua mbili, hayafiki juu hivyo, na kama mteremko wako wa kupandishia ni mfupi, trela itazama matopeni kabla boti haijaelea juu yake. Kwa hiyo pandisha kwa bamvua moja ukijua kwamba utarudi kwa bamvua ijayo, baada ya wiki mbili hivi. Muda huo unatosha kwa kazi ya mtu mmoja na msaidizi. Usipoimaliza kwa wakati, utasubiri wiki mbili nyingine boti ikiwa juu ya magogo.

Majira nayo yana neno. Januari na Februari, kaskazi inapovuma, ndiyo miezi yenye mvua chache kabisa Mombasa. Mei ndio mwezi wa masika hasa. Mwaka mmoja nilipandisha Mei kwa sababu tu nilikuwa na nafasi. Mvua ilinyesha usiku kucha, gadi la nyuma upande wa ukuta likazama kwenye udongo kiasi cha upana wa kiganja, na asubuhi tukaikuta boti imeuegemea ukuta, ubavu una ufa wa urefu wa mkono. Jioni iliyotangulia watoto walikuwa wakicheza chini yake. Ufa niliuziba kwa siku mbili. Jambo la watoto bado linanijia kila nikishika nyundo ya kugongea kabari.

Ipunguze uzito

Injini itoke kwanza. Ya nguvu farasi 40 ina uzito unaokaribia kilo 70 au kupita, na wote umekaa kwenye ubao wa tezi, yaani nyuma ya boti, mahali ambapo boti ikiwa juu ya magogo hupenda kulemea. Toa mafuta, nanga, minyororo, nyavu, betri, masanduku ya barafu. Kisha ondoa kizibo cha ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya boti maji yanapokusanyika, na uinamishe boti kidogo kuelekea tezi ili maji yachuruzike. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mvua ya usiku mmoja ikijaa ndani ya boti isiyo na tundu wazi, umeongeza mamia ya kilo juu ya magadi uliyoyapima kwa boti tupu. Kizibo chenyewe kifunge kwa kamba kwenye usukani, usikitie mfukoni.

Ardhi ya kuisimamishia

Ua wa saruji ni mzuri, ila miguu ya magadi huteleza. Mchanga ni mzuri pia, ila huzama. Mahali penye jiwe la matumbawe juu juu, kama ilivyo sehemu nyingi za kisiwani, ni imara, lakini si sawa. Udongo mwekundu wa Changamwe na Mikindani ni mgumu kama tofali Januari na ni uji Mei.

Popote ulipo, weka vibao vya msingi: chini ya kila rundo la magogo ubao mnene wa kama sentimita 60 kwa 60, na chini ya kila mguu wa gadi ubao wa kama sentimita 40. Usiwe wa plaiwudi nyembamba. Chimba kidogo ubao ulale bapa, usikae juu ya kokoto. Angalia paa linamwaga wapi maji ya mvua, na maji ya bafu yanapita wapi. Mahali hapo boti isikae. Acha nafasi ya mita moja na nusu kila upande, utahitaji kupita na ndoo na mtu anayekimbia anahitaji pa kukimbilia.

Magogo ya mkuku

Hapa usibane senti. Tumia mbao ngumu au mihimili minene ya mbao ya kawaida, iliyokauka, isiyo na nyufa za kupasuka kwa urefu. Panga kwa kupishana: mawili yakielekea huku, mawili juu yake yakielekea kule, la juu kabisa likiukata mkuku. Kimo cha rundo kisizidi mara mbili ya upana wa msingi wake. Sentimita 45 hadi 50 kutoka chini hadi mkuku zinatosha kuingiza mkono wenye rola.

Nimeona watu wakitumia matofali yenye matundu, mawe ya matumbawe ya kujengea, na mapipa. Tofali na jiwe huvumilia uzito uliotandazwa ukutani, lakini mkuku ni mstari mwembamba. Hukaa sawa siku tatu halafu hupasuka mara moja bila kukuambia. Mbao hulia na kubonyea kabla ya kuvunjika, nawe unapata muda wa kuona. Pipa tupu lililosimama hubonyea likipigwa kidogo tu ubavuni, na likilala huviringika. Yaache.

Boti ya futi 22 huhitaji marundo matatu chini ya mkuku: moja karibu na tezi, pale ubao wa injini unapokutana na mkuku, moja katikati, moja mbele, pale mkuku unapoanza kupanda kuelekea omo, yaani ncha ya mbele. Ukiweka mawili tu, katikati hulegea na boti hupinda polepole. Hutaona kwa macho. Funga uzi kutoka mwisho hadi mwisho wa mkuku siku ya kwanza, pima nafasi kati ya uzi na mkuku hapo katikati, uandike. Siku ya tano pima tena.

Kuitoa kwenye trela

Kama ilivyo kawaida, boti inafika nyumbani juu ya trela, na wengi huiacha hapo hapo wakapaka wanapofika. Matokeo yake ni mistari mitupu chini ya kila rola ya trela, na ndipo majani na kome wanapoanzia. Itoe.

Zuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma. Shusha shingo ya trela hadi chini kabisa, ili tezi ipande. Panga rundo la nyuma chini ya mkuku, likaribie kugusa. Sasa inua shingo: nyuma ya trela inashuka na tezi inakalia magogo yako. Kabla ya jambo lolote lingine, weka jozi ya magadi ya nyuma, moja kila upande, uyakaze. Kisha ondoa mawe, vuta trela mbele taratibu kwa mikono ya watu wanne, si kwa gari, mpaka ekseli ipite katikati ya boti. Simamisha. Panga rundo la kati, na jozi yake ya magadi. Mwisho inua omo kwa jeki iliyowekewa kibao juu, chini ya mkuku pekee, uweke rundo la mbele, uishushe boti juu yake, utoe trela.

Jeki ikipanda sentimita mbili, kabari ifuate sentimita mbili. Usiache pengo kati ya boti na magogo hata kwa muda wa kunywa maji. Na mtu asiingie chini ya boti iliyoshikwa na jeki peke yake, awe fundi wa miaka 40 au nani.

Magadi yenyewe

Hapa ndipo penye ujuzi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mti mzuri wa gadi ni boriti ya mkoko, unene wa sentimita 11 hadi 13, iliyonyooka. Mazio, ambayo ni myembamba zaidi, inafaa kwa boti ndogo ya futi 18. Mkoko haukatwi ovyo; nunua kwa muuzaji mwenye kibali, au tumia mbao ya inchi nne kwa nne kutoka hadwea. Mti mwembamba mrefu hupinda katikati kama upinde, na gadi lililopinda halishiki kitu.

Kichwa cha gadi kisiguse faiba moja kwa moja. Pigilia kibao cha sentimita 30 kwa 30, kilichochongwa kikalingana na mwinamo wa ubavu, juu yake kipande cha mpira wa tairi au zulia kuukuu, na juu ya zulia nailoni nyeusi ya ujenzi. Nailoni ni muhimu: zulia hunywa rangi na maji, likashikana na boti, na ukilitoa linang'oa rangi uliyoihangaikia.

Wapi pa kuliegemeza? Ndani ya boti kuna mbavu au kuta zinazokata kutoka upande hadi upande. Gonga kwa nje na kifundo cha kidole: penye ubavu wa ndani sauti ni nzito, patupu sauti inavuma kama ngoma. Gadi likae penye sauti nzito. Kona ambapo tumbo la V linakutana na ubavu ni ngumu pia na ni mahali pazuri. Tia alama kwa chaki kabla hujaanza.

Mti uelekee ubavu kwa pembe mraba kadiri inavyowezekana, mguu ukiwa nje zaidi ya kichwa. Ukiusimamisha wima mno, utabeba badala ya kushika. Ukiulaza mno, mguu utateleza nje. Kwenye udongo, pigilia kigingi nyuma ya mguu. Kwenye saruji kigingi hakiingii, na hata kwenye udongo mimi huongeza hili: funga mnyororo kutoka gadi la kushoto, ukapita chini ya mkuku, hadi mwenzake wa kulia. Likitaka moja kutoka nje, mwenzake analivuta. Tumia mnyororo. Kamba ya nailoni hurefuka ikivutwa, na kamba ya katani hubadilika ikilowa na kukauka, kwa hiyo unachokaza asubuhi si unachokikuta jioni. Jozi ya mbele iangaliwe zaidi ya zote, maana boti huchongoka kuelekea omo na gadi hutaka kuteleza likafuata uchongo huo. Lirudishe nyuma mpaka mahali ambapo ubavu bado umejaa.

Kukaza ni kwa kabari mbili za mbao ngumu zinazoelekeana chini ya mguu. Gonga kushoto kidogo, vuka upande wa pili ugonge kulia kidogo, urudi. Likishagusa na kutoa sauti kavu, inatosha. Kisha simama mbali utazame ubavu kwa kuuinamia: ukiona faiba imeingia ndani kuzunguka kibao, gadi linabeba. Legeza, uongeze kabari kwenye mkuku. Ukimaliza, pigilia msumari nyuma ya kabari isirudi.

Ni mangapi? Manne hushika boti ya futi 22. Mimi huweka sita, kwa sababu ya kuhamisha: hesabu unayopaswa kuifanya ni yatabaki mangapi ukishaliondoa moja.

Mambo ya nyumbani

Gadi si mti wa kufungia kamba ya kuanikia nguo, wala mbuzi. Turubai la kivuli lisifungwe kwenye magadi wala kwenye boti. Upepo ukiingia chini yake huwa tanga, na tanga litavuta gadi. Lisimamishie nguzo zake. Ngazi isiegemezwe ubavuni. Mtu asipande ndani bila ya aliye chini kujua. Zungushia kamba yenye vitambaa vyekundu, uwaambie watoto wa nyumba na wa jirani, kwa upole na kwa kurudia.

Kila asubuhi, na kila baada ya mvua, zunguka na nyundo ya mbao ugonge kila gadi na kila kabari. Ni kazi ya dakika tano. Sauti iliyobadilika ndiyo habari yenyewe.

Ikiwa ni mashua ya mbao

Kanuni ni ile ile, ila gadi likae juu ya taruma, yaani ubavu wa ndani wa mashua, kamwe si juu ya ubao mtupu kati ya mataruma mawili, kwani litausukuma ubao ndani na kalafati, yaani pamba inayoziba mishono ya mbao, itafunguka. Marundo ya mkuku yawe mengi zaidi na karibu zaidi. Adui mwingine ni jua: mbao zikikauka kupita kiasi husinyaa, mishono ikaachia. Ifunike kwa magunia yaliyolowa maji ya bahari upande usioupaka, na kabla ya kushusha ijaze maji kidogo ndani mbao zivimbe, ukiwa umeongeza magogo kwa ajili ya uzito huo.

Kukwangua na kupaka

Rangi kuukuu ya chini ya maji ni sumu. Kazi yake ni kuua viumbe wanaoganda. Zile za zamani zilikuwa na sumu ya bati, iliyopigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika Septemba 2008. Nyingi za sasa hutumia shaba. Vumbi lake lisiingie mapafuni wala kwenye kisima. Piga msasa wa maji, si mkavu, vaa barakoa, miwani na glovu, tandaza nailoni chini, na makapi yote yakusanywe yafungwe. Yasimwagwe mikokoni. Msasa wenyewe usiusukume kwa nguvu karibu na gadi. Mashine ya msasa hutetemesha, na kabari hulegea kwa mtetemo. Ukimaliza kila upande, gonga tena.

Osha kwa maji baridi ya bomba mara mbili, maana chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu na rangi hutoka malengelenge. Paka ukifuata kivuli: asubuhi upande wa magharibi, alasiri upande wa mashariki. Anza baada ya umande kukauka na uache saa mbili kabla ya magharibi. Praima, kisha mikono miwili ya rangi, ukingoja muda ulioandikwa kwenye kopo. Kwenye mstari wa maji, kwenye mkuku na kwenye kona ya tezi ongeza mkono wa tatu, kwani huko ndiko rangi huliwa kwanza.

Kupaka palipofunikwa

Boti nzima ikikauka, zinabaki alama za magadi na za magogo. Watu huwa wamechoka siku hii, na ajali hutokea siku hii. Usiifanye jioni, wala ukiwa peke yako.

Mtu asiwe ndani ya boti. Simamisha gadi jipya sentimita 40 pembeni mwa lile la zamani, juu ya ubavu mwingine wa ndani, ukaze, funga mnyororo. Hapo tu ndipo unalilegeza la zamani. Paka alama yake, ngoja ikauke, nenda kwenye lingine. Moja kwa wakati. Usitoe mawili hata kama boti inaonekana imetulia kama nyumba.

Kwa mkuku, panga rundo jipya kati ya marundo mawili, gonga kabari zake mpaka uone la jirani limelegea lenyewe, ulitoe hilo moja, upake, ngoja, ulirudishe. Ikikubidi kuligonga rundo kwa nyundo kubwa ndipo lilegee, bado linabeba; rudi kwenye kabari.

Kuirudisha

Kuirudisha kwenye trela ni kinyume cha kuitoa: rundo la mbele linatoka kwanza trela inaporudishwa nyuma chini ya omo, la kati linafuata, jozi ya magadi ya tezi ndiyo ya mwisho kabisa. Angalia kopo linasema rangi ikae hewani muda gani kabla ya kuingia majini. Baadhi zina kikomo cha chini na cha juu pia. Shuka ufuoni maji yakiwa bado yanajaa, ili ukikwama bahari ikuongezee, si ikupungukie.

Fungua kizibo kwenye usukani ukirudishe mahali pake kabla gurudumu halijagusa maji. Boti ikielea, ishike kwa kamba karibu na trela robo saa, inua mbao za ngama utazame ndani. Pakiwa pakavu, achilia.